Macho mawili, darubini moja: kwa nini Mwezi unabaki ukungu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha fizikia sekondari hapa Tanga na ninasimamia klabu ya anga ya wanafunzi. Tuna darubini ya Newton kwenye kitako cha Dobson, kioo cha kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi milimita 1,200. Kaka yangu aliyeko Muscat ameniletea bainovyua, kile kichwa cha kutazamia kwa macho mawili, pamoja na lenzi mbili za jicho za milimita 20. Nikiichomeka, Mwezi unabaki ukungu hata nikizamisha fokasa, lile bomba linaloshika lenzi ya jicho, hadi mwisho. Nikiweka lenzi ya Barlow ya mara mbili chini yake, Mwezi unakaza lakini unakuwa mkubwa kupita kiasi, hauenei, na mara nyingine naona Miezi miwili. Baada ya robo saa kichwa kinauma. Je, kifaa ni kibovu? Ninunue lenzi za bei kubwa zaidi?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwa dalili ulizozieleza, kifaa chako huenda ni kizima, na lenzi za bei kubwa hazitatibu hata moja ya shida zako. Usinunue kitu kwanza. Una matatizo mawili yaliyopandana, moja la urefu na moja la ulinganifu, na inafaa uyatenganishe, maana ukiyashika kwa pamoja hutajua lipi limepona.

Tuanze na urefu. Kioo chako kikuu kinaukutanisha mwanga mahali pamoja tu, panapoitwa fokasi, milimita 1,200 kutoka kiooni. Watengenezaji wa darubini za Newton hupanga mahali hapo pawe karibu na mdomo wa fokasa, kwa sababu wanatarajia uweke lenzi moja ya jicho hapo hapo. Bainovyua haikai hapo hapo. Mwanga ukiingia ndani yake unakutana na prizimu iliyopakwa fedha nusu, nusu ya mwanga inapita na nusu inageuzwa, kisha kila nusu inapelekwa pembeni na prizimu nyingine mpaka ifike kwenye lenzi yake. Safari hiyo ya ndani, kwa bainovyua za kawaida, ni kama milimita 100 hadi 120. Fokasa yako ina nafasi ya kuzama milimita 20, labda 40 ukibahatika. Kwa hiyo mwanga unakutana ukiwa bado katikati ya prizimu, na ukifika kwenye lenzi umeshaanza kutawanyika tena. Ndiyo ukungu unaouona. Hakuna kilichoharibika: unapungukiwa na takriban sentimita nane.

Wenye darubini za Schmidt-Cassegrain au Maksutov, zile fupi zenye vioo na lenzi pamoja, hawaijui taabu hii, kwa sababu wao hukaza taswira kwa kusogeza kioo kikuu chenyewe, na fokasi inaweza kutolewa nje mbali sana. Wenye darubini za lenzi nao wengi huweza kufungua kipande cha bomba na kulifupisha. Ni sisi wa Newton tunaobanwa.

Sasa Barlow yako. Peter Barlow, mwanahisabati Mwingereza, alitupatia lenzi hii miaka ya 1830, na kazi yake ni kuutanua mwanga unaokutana ili ukutane mbali zaidi. Kwa hiyo imekusaidia kufika kwenye fokasi, lakini imekutoza. Mara mbili iliyoandikwa ubavuni ni kweli pale tu lenzi ya jicho inapokaa juu ya bomba la Barlow lenyewe. Kanuni utaitambua: ukuzaji wake ni 1 ukijumlisha umbali kutoka Barlow hadi fokasi, gawanya kwa urefu wa fokasi wa Barlow. Chukua Barlow yenye urefu wa fokasi wa milimita 100. Ukiweka lenzi ya jicho umbali wa milimita 100, unapata mara 2. Ukiingiza bainovyua katikati, umbali unakuwa kama milimita 210, na ukuzaji unaruka hadi mara 3.1. Darubini yako na lenzi ya milimita 20 hukuza mara 60. Ulitarajia 120, kumbe umepata kama 186. Kwa lenzi inayolionyesha jicho uwanja wa digrii 50, gawanya 50 kwa 186: unaona kama robo ya digrii ya anga, na Mwezi una upana wa nusu digrii. Ndiyo maana hauenei.

Dawa ya kwanza haina gharama. Angalia chini ya bomba la Barlow. Nyingi zina kichwa cha lenzi kinachofunguka kwa kuzungushwa, na hesi zake ni zilezile za vichujio vya inchi 1.25. Kifungue, kisha kifunge moja kwa moja kwenye pua ya bainovyua, bila lile bomba refu. Umbali unapungua hadi kama milimita 120, na kwa hesabu ileile ukuzaji unashuka hadi mara 2.2, yaani 132 kwa lenzi zako. Hapo unapata mandhari ya karibu digrii 0.4, ambayo kwa Mshtarii, Zohali na kukagua kingo za mashimo ya Mwezi ni kipimo kizuri kweli. Kabla ya kusukuma ndani hakikisha kichwa cha Barlow hakigusi prizimu. Pima kwa rula, usikisie.

Kuna faida nyingine ya kuweka Barlow mbele ambayo wauzaji hawaitaji. Kioo chako ni f/6, yaani urefu wa fokasi ni mara sita ya kipenyo, na mwanga unaokutana kwa pembe pana hivyo ukipita kwenye kioo kinene cha prizimu huchafuka kidogo, rangi zinatengana na ncha za nyota hazikazi vizuri. Ukishapita kwenye Barlow unakuwa kama f/13, mwembamba na mtulivu, na prizimu haina cha kuudhuru.

Kama unataka Mwezi mzima kwa macho mawili, kwa mara 60, bila Barlow, hapo inabidi kusogeza kioo kikuu juu ndani ya bomba kwa sentimita nane hivi. Watu hufanya hivyo, na ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi mtulivu: unatoboa matundu mapya matatu kwenye bomba na kuhamisha kitako cha kioo. Lakini pima kwanza kile kioo kidogo kinachougeuza mwanga uelekee kwenye fokasa. Kwa f/6, kila milimita 6 unazosogeza zinaongeza milimita 1 kwenye upana wa mwanga pale kinapokaa, kwa hiyo milimita 80 zinaongeza kama 13. Ikiwa kioo hicho kina upana wa milimita 50, kinatosha kwa shida. Kikiwa kidogo zaidi utaanza kupoteza mwanga wa pembeni na darubini yako ya 200 itakuwa ya 180 bila wewe kujua. Na ukishasogeza, lenzi ya kawaida ya jicho moja itahitaji bomba la kurefusha ili ifike kwenye fokasi. Kwa darubini ya shule, inayotumiwa na watoto wengi, mimi nisingetoboa. Ningebaki na Barlow.

Nije kwenye Miezi miwili na kichwa kuuma, jambo ninalolijua zaidi. Nimetengeneza hadubini za maabara kwa miaka mingi, na kichwa cha hadubini ya macho mawili, ile anayoinamia mtu wa maabara akitafuta vimelea vya malaria, kina mpangilio uleule wa prizimu uliomo ndani ya bainovyua yako. Niliwahi kuletewa hadubini ambayo kila aliyeitumia alitoka na maumivu juu ya nyusi. Nilitumia siku nzima nikikagua prizimu, zikawa safi. Mwishowe nikazitoa lenzi mbili za juu na kuziweka mezani pamoja: zote zimeandikwa mara 10, lakini moja ilikuwa ya mtengenezaji mwingine, imechukuliwa kwenye hadubini iliyokufa. Jicho moja lilikuwa linaona picha kubwa kidogo kuliko lingine, na ubongo ulikuwa unapigana kuzioanisha kutwa nzima. Tangu hapo sianzi na prizimu. Ninaanza na kinachoonekana.

Anza na umbali kati ya mboni zako. Kwa watu wazima wengi ni kati ya milimita 55 na 72. Ukiwa na cheti cha miwani huenda umeandikiwa. Kama huna, simama mbele ya kioo na rula puani. Zisogeze lenzi za bainovyua mpaka vituo vyake vilingane na kipimo hicho, kisha angalia. Miduara miwili ya mwanga iungane kuwa duara moja lisilo na kivuli cha pembeni. Watu wengi wanaoniambia wanaona picha mbili hukosea hapa tu: wameacha lenzi zimetanuka, jicho moja linatazama kupitia ukingo.

Kisha kaza kila jicho peke yake. Usifumbe jicho kwa kulibana, maana ukilibana na lile lililo wazi linabadilika. Funika lenzi ya kushoto kwa kifuniko, jicho la kushoto likae wazi, na ukaze taswira ya jicho la kulia kwa fokasa. Kisha hamisha kifuniko kulia, na sasa usiguse fokasa kabisa. Kaza jicho la kushoto kwa kuzungusha pete yake ya kurekebishia, au kama bainovyua yako haina pete, kwa kuivuta lenzi yenyewe nje milimita moja au mbili na kuifunga hapo. Ondoa kifuniko. Tulia. Tazama kama unayetazama mbali baharini, usijaribu kuzivuta picha zikutane. Zikiwa sawa zitakutana zenyewe ndani ya sekunde chache. Ukivaa miwani ya kuona mbali au karibu tu, ivue; ukivaa kwa ajili ya astigimatizimu, yaani jicho lisilopinda sawasawa pande zote, baki nayo.

Angalia pia skrubu zinazobana lenzi. Bainovyua nyingi za bei nafuu zina skrubu moja kila upande, na skrubu hiyo inaisukuma lenzi ubavuni. Ukikaza ya kulia kwa nguvu na ya kushoto kidogo, vituo vinahama. Weka lenzi zote hadi zikae kabisa, geuza skrubu zote mbili zielekee upande mmoja kama inawezekana, na uzikaze kwa vidole tu.

Na hapa kuna hesabu ambayo ingeniokolea muda mwingi kama ningeijua nikiwa kijana. Tuseme picha mbili zimepishana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita ndani ya bainovyua. Ukitazama kwa lenzi za milimita 20, jicho linaona pengo la karibu nusu ya upana wa Mwezi unavyouona kwa macho matupu. Ukibadilisha uweke lenzi za milimita 10, kosa lilelile linakuwa upana wa Mwezi mzima. Lakini ukiongeza ukuzaji kwa Barlow iliyo mbele ya bainovyua, pengo halikui hata kidogo, kwa sababu kosa liko nyuma ya Barlow. Kwa hiyo ukitaka kukuza zaidi, kuza mbele na uache lenzi za jicho zibaki za fokasi ndefu. Hili ndilo jibu langu kwa swali lako la kununua lenzi: lenzi fupi za bei kubwa zingeyaongeza maumivu ya kichwa.

Bado kuna uwezekano kwamba prizimu zimehama, hasa kama mzigo uliangushwa njiani. Jaribu hivi mchana. Elekeza darubini kwenye ncha ya mnara wa simu ulio kilomita kadhaa. Ukiona mbili, badilishana lenzi, ya kulia iende kushoto. Pengo likigeuka upande, kosa ni la lenzi au jinsi zinavyokaa. Likibaki vilevile, kosa ni la prizimu. Angalia vilevile mwelekeo wake. Macho yetu yamezoea kugeukia puani, tunafanya hivyo kila tunaposoma, kwa hiyo pengo dogo la kushoto na kulia tunalimudu. Pengo la juu na chini macho yetu hulifuata kidogo sana tu, na hata likiwa dogo ndilo linaloumiza.

Sasa kuhusu unachopata, maana wanafunzi watakuuliza. Macho mawili hayakuongezei mwanga. Kila jicho linapata nusu, sawa na kutazama kwa darubini ya milimita 141 badala ya 200. Lakini mwaka 1965 watafiti Campbell na Green walipima uwezo wa kutofautisha weusi na weupe, wakakuta macho mawili yanalishinda jicho moja kwa takriban mara 1.4. Kwa vitu vyenye mwanga wa kutosha, faida hiyo unaihisi wazi: mikanda ya Mshtarii ambayo kwa jicho moja huja na kupotea, kwa mawili inakaa. Vile vidoa na nyuzi zinazoelea ndani ya jicho, ambavyo ukuzaji mkubwa huvifichua, ubongo unavifuta kwa sababu jicho la pili halina vidoa vilevile mahali palepale. Na misuli ya uso inapumzika. Mwezi unageuka kuwa tufe linaloning'inia. Waeleze wanafunzi ukweli kuhusu hilo tufe: Mwezi uko kilomita 384,400 na macho yote mawili yanapokea picha moja iliyogawanywa, kwa hiyo hakuna kina cha kweli kinachopimwa. Ni ubongo uliozoea kwamba kinachoonwa na macho yote mawili ni kitu chenye mwili. Mimi najua hivyo na bado kila mara nalihisi.

Kwa vitu hafifu, rudi kwenye jicho moja. Galaksi za mbali zinahitaji kila chembe ya mwanga. Nebula ya Orioni, lile wingu la gesi linalong'aa, inavumilia kugawanywa, na Omega Centauri, fundo kubwa la nyota ambalo Tanga linapanda juu vizuri na Ulaya karibu yote hawalioni, ni la ajabu kwa macho mawili. Kilimia usiihangaikie, ni pana kuliko mandhari yako hata kwa mara 60. Kwake darubini ndogo ya mkono inatosha.

Kuhusu klabu yenyewe nina neno ambalo huenda hulipendi. Kwa foleni ya wanafunzi arobaini, bainovyua si kifaa kizuri. Kila mmoja ana umbali wake wa mboni na kila mmoja anahitaji kukaziwa upya. Kwa mara 132, sayari inavuka mandhari yako kwa kama dakika moja na nusu kisha imetoka, kwa sababu Dunia inazunguka na Dobson haifuati. Mwanafunzi atakuwa bado anahangaika na pete. Wadogo zaidi huenda macho yao yamekaribiana kuliko bainovyua inavyoweza kujifunga. Foleni ipewe lenzi moja ya milimita 25. Bainovyua iwe ya wale watatu au wanne wanaobaki baada ya wengine kwenda kulala, wakae kwenye kigoda, kila mmoja apewe dakika kumi na penseli achore anachokiona. Hao ndio wataiona mikanda.

Bainovyua na lenzi zake inaweza kufika kama kilo moja, na Dobson yako itainama mbele. Funga chupa ya maji au kifuko cha mchanga upande wa kioo kikuu, uongeze au kupunguza mpaka bomba litulie.

Ukija kununua, nunua jozi moja tu ya lenzi za jicho za aina ya Plössl, za milimita 25, zote kutoka duka moja siku moja. Plössl mwenyewe alikuwa mtengeneza hadubini wa Vienna, na umbo la lenzi lake la mwaka 1860 bado halijapata mpinzani kwa bei. Usichukue za milimita 32. Tundu la ndani la bainovyua nyingi ni kama milimita 20 hadi 23, na lenzi ya 32 inahitaji karibu 27, kwa hiyo utakuwa umelipia mandhari ambayo mwanga wake haufiki.

Na unyevu wa pwani uuogope. Nimeona prizimu nyingi zilizoota kuvu kutoka Tanga hadi Mtwara kuliko zilizovunjika. Ukimaliza usifungie kifaa kikiwa na umande. Kiache ndani kikauke, kisha kiweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu. Jua nalo usilielekezee darubini hii bila kichujio kamili kinachofunika mdomo mzima wa bomba. Kugawanywa kwa mwanga hakumlindi mtu, kunahatarisha macho mawili badala ya moja.

Fanya jaribio la mnara kwanza, kabla ya kuhamisha Barlow. Kama pengo halikugeuka, niandikie pengo lilikuwa la juu na chini au la kushoto na kulia, na kama bainovyua yako ina vitundu vidogo vya skrubu ubavuni mwa kila upande. Usivifungue mpaka tuzungumze.